Vita vya Kitufe cha Tatu

Tegeni masikio, enyi mlioketi nanyi mlioegemea ukuta, na wewe unayetafuna karanga kule nyuma hebu acha kwanza, niwasimulie jinsi Fundi Spika, mkwe wa mama mpishi, alivyopigana na mashine mbele ya kadamnasi asikimbie. Nilikuwepo, safu ya pili, kiti kibovu. Anayebisha aje anibishie mimi.

Siku hiyo shule ilikuwa ikimuaga mama mpishi, aliyekoroga sufuria zake kwa miaka thelathini na moja. Sauti yake ni ndogo, na magoti yake hayapandi tena ngazi za jukwaa, basi mkwewe akamwekea kipaza sauti pale pale alipoketi. Tangu alfajiri shujaa huyo alikuwa amezitandaza nyaya, akazisimamisha spika mbili kama walinzi wa lango, na juu ya dawati la darasa la kwanza akaisimika mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti yenye vitufe visivyohesabika. Kisha, kwa kuwa aliwajua binadamu na vidole vyao, akaibandika utepe mweupe wenye maandishi mazito: USIGUSE.

Mwalimu Mkuu akahutubu dakika hamsini, na kipaza sauti chake kikamtii neno kwa neno, kwa bahati mbaya. Ikafika zamu ya mama mpishi. Akafungua kikaratasi chake, midomo ikacheza, lakini hatukusikia kitu. Akarudia. Kimya.

Ndipo fundi aliponyanyuka! Akabadilisha kipaza sauti, kimya. Akabadilisha waya, akapuliza matundu, akapandisha sauti hadi ukomo, spika zikakoroma kama mzee aliyeshiba, ila sauti ya mama mkwe haikutoka. Washauri wakamzingira: mwalimu wa hesabu akasema azime awashe, mlinzi akasema aipige kofi, na mgeni rasmi akatazama saa. Jasho lilimtiririka fundi hadi kwenye soksi. Nilimhurumia kwa dhati, maana kuaibika mbele ya mama mkwe si mchezo.

Mwalimu Mkuu akaona upenyo. "Ndugu wageni," akanena, "tusipoteze muda. Mama huyu ni kama mama yangu. Nitamsemea mimi."

Mama mpishi akaanza kukunja kikaratasi.

"Mwalimu Mkuu, kwa heshima zote, naomba dakika moja," fundi akanguruma bila msaada wa umeme. "Nimefunga vyombo kwenye mvua, nimefunga vyombo kwa jenereta ya kuazima, sijashindwa. Sitaanza leo mbele ya mama."

Maneno mazito, lakini dakika yenyewe ilikuwa inayoyoma. Mkewe akamsogelea, akamuuliza kwa upole kabisa huo utepe wake umefunika nini.

Fundi akaubandua. Chini yake, kwenye mstari wa tatu, taa nyekundu ilikuwa inawaka: kitufe cha kuinyamazisha sauti ya mama, alichokibonyeza kwa dole gumba lake mwenyewe alfajiri, akikandamiza tangazo ligande vizuri. Akakibonyeza.

Andikeni, enyi wenye kalamu: Ijumaa, saa tano na robo, kwa kidole kimoja, ngome ikaanguka! Fundi akawaarifu washauri kwamba ile ilikuwa hitilafu ya kitaalamu sana, nao wakatikisa vichwa kama waliojua tangu mwanzo.

Mama mpishi akakikunjua kikaratasi, akakitazama, akakiweka mapajani.

"Mwalimu Mkuu, kaa," akasema, na sauti yake ndogo ikafika mpaka getini. "Miaka thelathini na moja mmenisemea. Leo nasema mwenyewe."

Mwalimu Mkuu akakaa.