Hodi Nyumbani Kwangu

Jumatatu, 3 Machi
Nyumba ni yangu! Hati nimeibusu, kisha nikaipangusa mate. Imeuzwa pamoja na mpangaji wake ndani, mkunga mstaafu, na dalali ameapa kwamba ni mtulivu kama maji ya mtungini. Mpangaji huyo hanijui kwa sura. Shangazi, ambaye nalala sebuleni kwake, anataka kochi lake kufikia Jumapili. Hila: nimwendee mama huyo kwa sauti nzito, nimtake ahame. Nimefanya mazoezi bafuni. Shangazi akauliza kama nina mafua.

Jumanne, 4 Machi
Nimeharibu mlangoni. Nilipiga hodi. Apigaye hodi ni mgeni, hilo hata mtoto analijua. Akaitikia karibu mwanangu, akanisogezea kigoda, na tangu hapo mwenyeji akawa yeye. Nikasema nilikuwa napita tu. Chumba cha nyuma kina kufuli. Ndani yake: to... to... to. Nani anagonga? Sikuthubutu kuuliza.

Jumatano, 5 Machi
Mvua kutwa. Kazini nikamuuliza wakili, bosi wangu, kuhusu tatizo la "rafiki yangu". Akasema rafiki yangu amenunua ng'ombe na ndama wake: mkataba wa mpangaji unaendelea mpaka uishe, hata mwenye nyumba abadilike mara ngapi. Akaniagiza nimpe pole. Nimejipa.
Basi atoke kwa hiari.

Alhamisi, 6 Machi
Hila ya pili: leo hakuna hodi. Nikasimama mlangoni, likanitoka neno moja tu: Karibu. Akajibu kutoka ndani kwamba ahsante, yeye alishakaribia zamani, je, mimi naingia au nimeajiriwa kukaribisha wapita njia? Nikaingia. Kule nyuma sasa mwendo umekazwa: toto, toto, toto. Mkunga. Kufuli. Toto! Nikaaga mbio.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeuliza, liwalo na liwe. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, akafungua kufuli. Mabeseni, sufuria, ndoo. Paa linavuja. Akasema nikimwona mwenye nyumba mpya nimwambie. Amesikia ni kijana msomi, ila mwoga, hata kufika hajafika. Nikaahidi kufikisha ujumbe. Akanitazama kama aliyempokea mtoto na kumjua babaye. Sijui ilikuwaje, nikajikuta namsimulia habari za kochi. Akasema mwanangu, ziba paa, chumba ulale wewe.

Jumapili, 9 Machi
Nimehamia. Paa nimeliziba mwenyewe, vidole vyote lami. Nimesomewa masharti: viatu nje, taa zizimwe mapema, na mgeni haleti mgeni. Limebaki tone moja, juu ya mto wangu.
Lakini mpango umekaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mpangaji yuko ukuta wa pili, hana pa kunikwepea. Kesho namwambia wazi, kwa sauti nzito, kwamba mwenye nyumba ni mimi.
Nitapiga hodi kwanza, nisimshtue.