Mnara wa Kuni na Shemeji Alfons

Jumatano, 14 Februari
Jumatano ya Majivu. Padri amenipaka majivu kwenye paji la uso na kunikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Sawa, ila mavumbi haya yana mpango.

Kesho anafika Bi Petersen kutoka Hamburg. Anaandika kitabu cha wasafiri kuhusu nchi ndogo za Ulaya. Liechtenstein tumepewa ukurasa mmoja na picha moja. Kwenye simu aliniuliza kama sisi ni mkoa wa Austria. Nikamwambia hapana mama, sisi ni nchi kamili.

Picha hiyo lazima iwe ya kijiji chetu. Vyumba vyetu vya wageni vi vitupu tangu Krismasi. Leo mke wangu Hedi ametamka, bila hata kuacha kumenya viazi, kwamba wageni wasipopatikana hadi Pasaka tunafunga, na mimi nitakwenda kuwa mhudumu kwa kaka yake. Kaka yake ni Alfons. Ana hoteli kijiji cha bondeni, na wahudumu wake huvaa aproni ya kijani yenye sura ya Alfons kifuani. Bora nife.

Alhamisi, 15 Februari
Nimemtembeza Bi Petersen nchi nzima. Kufika saa nne asubuhi nchi ilikuwa imekwisha. Nikaongeza mzunguko kidogo kando ya mto Rhine, ulio mpaka wetu na Uswisi, ili siku isogee. Akapendezwa sana na kijiji kimoja chenye kanisa jeupe, akapiga picha mpaka akachoka. Tulipokaa kunywa kahawa ndipo nikaiona bendera ya Uswisi, ule msalaba mweupe, juu ya mlango. Kumbe nilivuka daraja zamani! Mpakani hapa hakuna wa kukuuliza unakwenda wapi. Kila mtu imewahi kumtokea, lakini si akiwa na mgeni wa kuandika kitabu. Nikamwambia ile ni alama ya duka la dawa.

Jioni akala kwa Alfons. Vibonge vya unga na jibini, na matufaa yaliyopondwa pembeni. Hedi amepigiwa simu na kaka yake. Eti mgeni aliramba sahani.

Ijumaa, 16 Februari
Jumapili ni siku ya Funken. Kila kijiji kinajenga mnara wake wa kuni, na juu kabisa anakaa bibi mchawi wa matambara, baruti tumboni. Giza likiingia tunauwasha, ili baridi ijue muda wake umekwisha. Bi Petersen amesema picha yake itakuwa ya mnara utakaompendeza kuliko yote.

Nimekwenda kuuchungulia wa kwao Alfons. Mrefu. Umenyooka. Wetu umeinamia upande wa Austria kidogo. Fundi ni mimi.

Basi dawa ipo. Kwa desturi yetu, mnara usiolindwa ni halali ya jirani atakayeuwahi kuuwasha kabla ya Jumapili, na wenyewe watachekwa mwaka mzima. Ndiyo maana tunalinda kwa zamu. Nimejitolea kulinda wetu kesho alfajiri, nisije nikashukiwa. Mwenyekiti wetu, mzee Ritter, aliguswa. "Egon, kumbe na wewe una moyo," alisema, akaniazima chupa yake ya kahawa. Nikajisikia vibaya mpaka kahawa ilipokwisha.

Jumamosi, 17 Februari
Ukungu mzito, kama niliouagiza. Nikauacha mnara wetu, maana nani angekuja mapema vile? Nikashuka na kidumu cha mafuta ya taa ndani ya kikapu cha mkate. Njiani, pale penye msalaba, nikagongana uso kwa uso na Alfons. Naye ana kikapu.

"Wapi mapema hivi, shemeji?" akaniuliza.

"Nafuata mkate. Wewe je?"

"Mkate vilevile."

Palinuka mafuta ya taa. Nikajua ni mimi, nikaharakisha.

Mnara wao haukuwa na mlinzi. Mjinga gani anapewa zamu halafu anaondoka? Nilicheka peke yangu. Njiti moja tu, na baada ya muda mchawi wao akalipuka mpaka kofia yake ikaniangukia miguuni. Nikapanda kurudi nikiimba. Ukungu mbele yangu ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa. Nikadhani jua linachomoza.

Mzee Ritter alikuwa amesimama mbele ya mnara wetu, anaota moto. Alinyoosha mkono, nikamrudishia chupa yake.

Jumapili, 18 Februari
Wazee wa vijiji vyote viwili wamekaa baada ya misa. Hukumu: walinzi wawili waliokimbia zamu wakagawe maandazi kwenye moto wa kijiji cha tatu, kile kidogo chenye kimnara cha kuchekesha. Tena kwa aproni. Na mwenye aproni ni nani kama si Alfons?

Jioni nzima nimetembea na sura yake kifuani. Naye alikuwa nayo, lakini kwake ni haki. Bi Petersen akauliza kulikoni. Hedi akamsimulia yote, hata mambo ya mkate. Mgeni akacheka mpaka akakaa kwenye theluji. Kisha akapiga picha moja tu, ya mimi na Alfons. Nililia kidogo. Nikasema ni moshi.

Jumatatu, 18 Machi
Gazeti moja la Hamburg limeuchapa ukurasa wa Bi Petersen hata kabla ya kitabu. Mimi na shemeji kwa aproni, moto nyuma yetu. Anawashauri wasafiri wafike Jumamosi alfajiri, wasingoje Jumapili. Vyumba vyetu vimejaa kwa Februari ijayo, na wengine wanakuja Pasaka hii kuniona mimi tu. Hedi anatandika vitanda huku anaimba. Amenisamehe, kwa sharti niape sitagusa tena mnara wa watu. Nimeapa.

Nimekaa nikafikiri kwa makini kosa langu lilikuwa wapi. Nimeliona. Ni yale mafuta ya taa, yananuka. Mwakani nitatumia vumbi la mbao. Nimeshamwomba mzee Ritter zamu ya alfajiri. Ameificha chupa yake ya kahawa.

Jioni Alfons amepiga simu. Mwakani amejitolea kulinda kwao, alfajiri, na angependa kujua mimi nitakuwa wapi saa hizo. Nikamwambia nitakuwa nimefuata mkate. Amesema ni wazo zuri, huenda na yeye akafuata. Maskini, hashuku lolote.