Mstari Mmoja wa Scolastika

Jumatatu, 11 Agosti 1997

Vumbi! Upepo wa Dodoma mwezi huu hauna adabu. Nimefika darasani na viatu vipya vya mtumba, ngozi safi, vinang'aa. Hakuna aliyeviona. Chumba cha kompyuta kina zulia, viatu tunavua mlangoni. Kilichoonekana ni soksi, na ya kushoto ina tundu. Scolastika, mwanafunzi mwenzangu, ameliona tundu. Akageukia kompyuta yake. Ndiyo tabia yake huyo, macho kwenye kazi.

Mwalimu Kefa katangaza habari. Chama kimoja cha wakulima wa zabibu huko Makutupora kimenunua kompyuta na hawana mtu wa kuitumia. Jumamosi katibu wao anakuja kuchagua. Kila mmoja wetu aandike programu ya kujumlisha kilo za makreti ya zabibu. Ajira! Ofisi! Kiti chenye magurudumu! Nikiikosa, narudi dukani kwa Mjomba Abdulswamadu kupima misumari.

Jioni nimemsimulia Mama. Kosa kubwa.

Jumanne, 12 Agosti

Mama keshautangazia mtaa wetu wote wa Miyuji kwamba nimepata kazi. Shangazi Sabiha kaleta tai ya marehemu mumewe. Nimeijaribu. Inanikaba, lakini kwa heshima.

Darasani mambo mabaya. Nimeandika programu ndefu, kompyuta imeikataa. Inasema haijui Jumla, jina nililoipa hesabu yangu, ni nani. Nimemwandika mwenyewe, tena kwa herufi kubwa! Mwalimu Kefa akasema kila jina hutambulishwa kwanza pale juu, ndipo lipewe kazi. Akaniuliza kama kwetu mgeni anaingia tu bila kusema yeye nani. Nikamjibu ndiyo. Kwetu mgeni anakaribishwa, anakula, anapumzika, jina litajulikana baadaye. Kumuuliza mtu jina kabla hajanawa mikono ni utovu wa adabu. Mwalimu akasema kompyuta haikulelewa kwetu.

Scolastika yake imepita mara ya kwanza, bila kosa. Nina wivu. Naandika waziwazi maana hapa hasomi mtu. Huyu katoka kijijini Farkwa juzi tu, kompyuta kaiona mwaka huu kama mimi! Akiandika hunong'ona kwa Kisandawe, lugha ya kwao. Nikashuku ndiyo siri yenyewe, nikamuuliza anaiambia nini. Akasema anaitukana. Na mimi nikaitukana, kwa Kiswahili, kwa sauti. Mwalimu kanitoa nje.

Alhamisi, 14 Agosti

Ugunduzi! Kompyuta ikikwama, inakuonyesha mstari ulioikwaza. Basi nikaufuta huo mstari. Ikalalamikia mwingine. Nikaufuta na huo. Mshitakiwa akiondoka, kesi imekwisha! Kufika saa sita sina kosa hata moja. Nikasimama nikawatangazia wote.

Mwalimu akaja akaiendesha programu yangu. Skrini nyeusi. Akauliza kilo ziko wapi. Nikamwambia programu yangu haina makelele. Ilikuwa imebaki na mistari miwili, wa kuanza na wa kumaliza.

Akaniacha, akaenda kwa Scolastika. Kumbe yake nayo ni mgonjwa! Inapita bila kosa, lakini ukiipa makreti matano inakupa kilo za kreti la mwisho tu. Anatafuta sababu tangu jana, haioni. Nilifurahi kidogo. Halafu nikaona darasa zima limesimama nyuma ya kiti chake kuutazama huo ugonjwa, hata Noeli wa Kizota anayeandika kwa kidole kimoja. Wangu hakuna aliyekuja kuutazama. Hata makosa yake yana wageni!

Ijumaa, 15 Agosti

Nimetoka msikitini na wazo ovu. Mungu anisamehe, lilikuja baada ya sala, si katikati.

Disketi zetu Mwalimu anazitunza kwenye kopo la biskuti mezani kwake. Wenzangu wakaenda kula. Nikachukua ya Scolastika, nikaifungua programu yake. Nia yangu kuiharibu kidogo tu. Kufuta yote ni uhuni, mimi nimelelewa. Mstari mmoja ungetosha. Upi sasa? Nikaona kitu alichokiandika mara mbili: jumla iwe sifuri. Mara ya kwanza juu kabisa, mara ya pili katikati, pale programu inapozunguka kreti baada ya kreti. Mtu hasemi jambo mara mbili kama si muhimu. Nikaufuta wa katikati, nikahifadhi, nikarudisha disketi kwenye kopo.

Nikaenda kula wali wangu kwa raha.

Jumamosi, 16 Agosti

Katibu ni Mzee Faustini, koti la kaki, mpole. Shikamoo zikamiminika. Mimi nina tai na soksi mpya.

Yangu ilipoendeshwa akauliza kama umeme umekatika.

Ikafuata ya Scolastika. Makreti matano. Nikafumba macho nisubiri msiba wake. Nikasikia makofi! Mzee Faustini kajumlisha mwenyewe kichwani, imelingana mpaka kilo ya mwisho. Nilitaka kulia. Nimeivunja kwa mikono yangu, na bado imesimama!

Badala ya kupokea sifa, Scolastika akasema si kazi yake peke yake. Kuna mtu kaifungua disketi yake akatoa mstari mmoja, ule wa pili wa jumla iwe sifuri. Akaomba aliyefanya ajitokeze.

Mtego! Nikasimama kabla ya wote. Nikaapa wallahi sijaigusa. Nikaapa kwa kaburi la babu wa baba yangu aliyekuja na misafara ya biashara. Nikasema mtu wa namna hiyo afukuzwe leo leo, nikamkazia macho Noeli, maana lazima mtu akaziwe macho.

Scolastika akasikitika. Akasema alitaka kumshukuru. Mzee Faustini naye akasikitika. Kumbe wanataka watu wawili: anayeandika, na mwenye jicho la kuona kosa lililomshinda mwandishi.

Nikasema ni mimi.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Kefa hakucheka. Akanitaka nieleze kwa nini niliufuta mstari ule. Nikatafuta sababu ya kueleza mbele za watu. Nikaishia kuilegeza tai. Noeli, kwa hasira za kukaziwa macho, akainuka akaeleza: mstari ule ulikuwa unairudisha hesabu sifuri kila kreti jipya linapoingia. Mzee Faustini akamuuliza jina lake.

Noeli! Kidole kimoja!

Jumatatu, 18 Agosti

Mama hasemi nami. Shangazi Sabiha kaja kuchukua tai. Mjomba keshanipangia mizani, naanza tarehe moja.

Nimekwenda darasani hivyo hivyo, ada ni ya mwezi mzima. Viti viwili vitupu, cha Scolastika na cha Noeli. Walifuatwa asubuhi na Land Rover ya chama, Scolastika kakaa mbele. Mbele! Wivu umenikaba kuliko ile tai.

Lakini nimekaa nikafikiri kwa utulivu. Scolastika kahangaika siku mbili na programu yake, Mwalimu kaitazama, wote wameshindwa. Mimi nimefuta mstari mmoja, ikapona. Dawa ninayo mimi! Wao wamechukua kazi, dawa wameniachia.

Nikafungua programu yangu. Mistari miwili. Nikafuta wa chini. Imegoma.

Kesho nafuta wa juu.