Sambaza Aliyerudi Ziwani

Leo mchana nimeaibika ukweni, hapa Gihundwe, mbele ya sinia la bugali na sambaza. Nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Nilikwenda kuonana na baba yake Zaina kwa mara ya kwanza. Ni fundi cherehani, na maneno yake yalikuwa yamekwisha kunifikia: binti yake ataolewa na mtu aliyesoma, la sivyo hakuna posa. Diploma ninayo. Nikajiambia, leo elimu ionekane.

Ilianza vizuri. "Karibu, mwanangu," mzee akasema. Tukakaa mkekani kuzunguka sinia moja: mzee, mama yake Zaina, bibi yake, Zaina na mimi. Likaja birika na beseni la kunawia. Wakanawa. Zamu yangu ilipofika nikatabasamu kistaarabu: "Merci, Maman. Miye nakulaka na uma."

(Uongo. Kwangu hata wali nakula kwa mkono.)

Mama akaingia chumbani. Tukasikia kabati likipekuliwa. Akarudi na boksi la uma alizopewa siku ya harusi yake, bado limefungwa nailoni.

Sasa sambaza, kwa asiyemjua, ni samaki mdogo wa ziwani, kama kidole. Akikaangwa vizuri anakuwa mgumu kama kijiti, hachomeki. Nilimbonyeza wa kwanza. Akaruka. Akapita mbele ya ndevu za mzee, akatua ndani ya beseni la maji waliyonawia wenzangu.

Nikanyoosha mkono kumtoa. Bibi akanizuia.

"Mumuache. Alirudi kwabo."

Zaina akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtetemeka. Nikaiona posa yangu ikielea pale besenini, ubavuni mwa yule samaki.

Ndipo mzee akajifuta mikono.

"Maman Zaina, unipe na miye uma."

"Weye? Tangu lini?"

"Tangu leo. Mugeni hawezi kula hivi yeye peke yake."

Akaushika kama anavyoshika sindano. Sambaza wake akamwangukia mapajani. Bibi naye akaomba wake, akaushika kichwa chini miguu juu. Mama akachukua. Zaina akachukua. Hakuna aliyecheka. Nyumba nzima ikawa inawinda samaki waliokwisha kukaangwa, ili mjinga nisiwe mimi peke yangu.

Nilivumilia kidogo. Kisha nikamwona bibi akimfukuza sambaza yule yule kutoka ukingo huu wa sinia hadi ule, bila kulalamika, na njaa yake. Nikaweka uma chini.

"Papa, unisamehe. Naomba maji ya mikono. Hata kwetu tunakulaka na mikono."

"Ah," mzee akasema, akiutupa wake upesi. "Asante, mwanangu. Ningelala njaa."

Hapo ndipo walipocheka, bibi kuliko wote. Nikanawa, tukala, na kila nilipoangalia upande wangu wa sinia nilikuta mtu amenisogezea sambaza wanono.

Mlangoni mzee akaniambia, "Juma lijalo ulete bazee benu, tuzungumuze."

Sikuamini. "Lakini Papa, mambo ya kusoma hukuniuliza hata moja."

"Nilikuona umesoma pale uliomba maji."

Basi, anayetaka kunicheka sitamzuia. Ila kwanza akaange sambaza, atafute uma, na beseni aliweke mbali.