Shibiri Moja Chini ya Daraja

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Boti imekamilika. Miezi saba imeegemea ukuta wa jiko, leo inaelea kwenye mfereji nyuma ya nyumba. Inavuja kidogo. Si neno. Hata mimi siku ya kwanza kazini nilitoka jasho.

Ina viti vya watu wanane na paa la mabati juu ya nguzo nne. Nimeisukuma kwa upondo hadi kwenye daraja la waenda kwa miguu na kurudi. Paa lilipita chini ya daraja likabakiza shibiri moja. Nilipima kwa mkono wangu mwenyewe.

Mke wangu alikuja ukingoni na beseni la nguo. Aliitazama boti mbele, akaitazama nyuma, akanipongeza kwa banda zuri la kuku. Nilimweleza kwamba hii ni boti ya matembezi: watu wa mjini wataketi, watapunga upepo, watatazama ndege. Akauliza watu gani hao wa mjini. Haya ndiyo maswali ya mtu asiye na maono.

Tumeafikiana. Ikibeba abiria na kuwarudisha wakavu kabla ya Jumapili, ni boti. Isipoweza, ni banda. Kuku wake kumi na wawili wanalala stoo pamoja na majembe, na jambo hilo linamkosesha raha kuliko maumivu ya mgongo wangu yalivyowahi kumkosesha.

Jumanne, tarehe 10

Nimepata abiria. Walimu wastaafu saba, wanakuja Jumamosi kwa matembezi yao ya kila mwaka. Kiongozi wao alinifundisha hesabu darasa la tano. Kwenye simu alitaka kujua kama mimi ndiye yule aliyekuwa akijibu kabla ya kusikia swali. Nikasema ndiye, kabla hajamaliza.

Tatizo ni shemeji. Huyu kaka wa mke wangu ana bwawa la kuvulia samaki ng'ambo ya barabara. Watu hukaa pale na ndoana zao kimya, mithili ya wafiwa, wakaita hiyo mapumziko. Sasa naye kawapigia walimu. Kawaambia kwake viti viko nchi kavu. Walimu wamesema wataamua wakifika.

Jumatano, tarehe 11

Sikulala mchana. Nilifikiri.

Maji yetu yanatoka ziwani. Yakifika kwenye lango la kugawia maji, mlinzi wa maji huyapeleka upande wetu siku tatu, kisha upande wa shemeji siku tatu. Zamu ya Ijumaa na Jumamosi ni ya shemeji. Mimi hainisumbui, maana maji yanayobaki kwenye mfereji wetu yananitosha kabisa. Lakini bwawa la shemeji lisipopata zamu yake linabaki tope na vyura. Na mwalimu gani mstaafu atasafiri kutoka mjini kuja kuvua vyura?

Sina kinyongo na shemeji. Namtakia kila la heri, ila si Jumamosi.

Alhamisi, tarehe 12

Nimekwenda langoni na chupa ya chai. Mlinzi wa maji ana kibanda, kiti kimoja na habari ndefu za goti lake. Nilizisikiliza zote, pamoja na goti la pili. Kisha nikamweleza kwamba nina wageni wazee, na mfereji mkavu ni aibu kwa sisi sote. Nikaomba anipe zamu ya shemeji.

Akauliza nataka maji kiasi gani. Nikasema kidogo tu.

“Ndugu yangu, maji hayana kidogo,” akasema. “Nikifungua, nimefungua. Umepima lakini?”

Nikamwapia kwamba nimepima. Na ni kweli. Jumatatu.

Ijumaa, tarehe 13

Maji yamekuja. Mengi, mazuri, yanapita kwa madaha kama bibi harusi. Boti imepanda hadi naiona kutoka dirisha la chumbani. Nimeipaka jina ubavuni kwa rangi nyekundu: SI BANDA.

Shemeji kapita saa nne, kauliza kama kwetu nako maji yamepungua. Nikamwambia shemeji, maji ni majaliwa. Mke wangu ananiuliza kwa nini napiga mluzi.

Jumamosi, tarehe 14

Walimu wamefika saa tatu. Walikwenda kutazama bwawa la shemeji, wakaona vyura, wakarudi kwangu. Niliwapokea kwa unyenyekevu uliochukua mazoezi ya siku mbili.

Tulikwenda vizuri hatua mia mbili. Kisha daraja likatusimamisha. Paa liligonga mbao, boti ikarudi nyuma, mwalimu wa muziki akapoteza kofia. Nikajaribu tena kwa nguvu. Akapoteza miwani.

Kiongozi wao hakusimama. Alitaka vipimo, nikampa, kisha akauliza kwa sauti ileile ya darasa la tano: siku ile ulibakiza shibiri moja, maji yamepanda shibiri mbili, je, leo...

“Moja,” nikasema.

“Hasi moja. Kaa chini.”

Nikakaa. Mke wangu alikuwa ukingoni, na nilimwona akiitazama boti kwa jicho la mtu anayepanga mahali pa kuweka viota.

Hapo akatokea shemeji darajani na wavuvi wake watano, ndoana begani, bwawa hawana. Akainama juu yangu.

“Shemeji, boti yako nyepesi. Inataka watu wa maana. Tuingie?”

Ningekuwa na njia nyingine ningeitumia. Wakaingia wote sita. Shemeji peke yake ni wawili. Boti ikazama shibiri nzima na vidole viwili, paa likaingia chini ya daraja, tukawa tunateleza gizani huku kila mtu akinisifu, nami nikaanza kujisifu.

Ila maji yalikuwa yanaingia pembeni, na walimu walikuwa wamekaliwa magotini na wavuvi. Pua ya boti ilipotokeza upande wa pili, wakaanza kushuka ukingoni mmoja mmoja. Niliwasihi. Nikasema jamani, walimu wangu, msishuke. Wakashuka wote saba.

Boti ikapanda. Sauti ya mabati yale naisikia hata sasa. Imekwama chini ya daraja kama gunzi kooni.

Wavuvi walipanda darajani, wakatupa ndoana kwenye mfereji. Kumbe samaki nao walikuwa wamefuata maji. Walimu wakaazimwa ndoana. Hadi saa kumi walikuwa wanacheka, mmoja kapata samaki kama mkono. Waliponiaga walisema hawajawahi kufurahi hivi, na mwakani watakuja tena. Kwa shemeji.

Jumapili, tarehe 15

Hukumu imesomwa wakati wa chai. Ilibeba abiria? Ilibeba. Iliwarudisha? Walirudi kwa miguu. Wakavu? Kuanzia magotini kwenda juu, ndiyo. Mke wangu akasema basi sehemu hiyo ataihesabu, akaenda kutafuta majani makavu ya viota.

Jumanne, tarehe 17

Mlinzi karudisha maji kwa shemeji. Boti imeshuka yenyewe, bila kelele, kana kwamba haikuwahi kunifedhehesha. Shemeji na wavuvi wake wameibeba hadi uani. Paa limepinda upande mmoja. Mke wangu anasema ndivyo paa la banda linavyotakiwa, mvua iteremke.

Alhamisi, tarehe 19

Kuku wamehamia. Wanalala chini ya maneno SI BANDA bila wasiwasi wowote. Kuku hawasomi.

Nimekaa nao asubuhi yote nikichunguza kosa lilikuwa wapi. Si boti. Si maji. Si mimi, hilo nimelipitia mara mbili. Kosa lilikuwa abiria: walishuka. Boti ile inahitaji mzigo unaotulia. Na hapa mbele yangu watano wameanza kutamia. Kuku anayetamia hashuki, hata boti izame.

Nikilaza paani mikungu miwili mitatu ya ndizi, tutapita darajani bila kugusa. Bustani ya ndege inayoelea! Watu wa mjini hawajaona.

Kutoka uani hadi mfereji ni hatua kumi, na hakuna atakayekubali kunibebea. Labda maji yenyewe yaje kuichukua.

Nimechemsha chai, nimejaza chupa. Nakwenda langoni kuuliza hali ya goti. Nitaomba kidogo tu.