Supu ya Mama na Ukurasa wa Mende

Jumatatu, 3 Machi
Nimekabidhiwa ukurasa wa yaliyomo! Miaka sita nawapangia watu mapishi yao kwenye jarida hili, na toleo hili supu ya maboga ya Mama imo, pamoja na jina lake Mama kabisa. Mhariri kaagiza majina yote yawe kwa herufi ndogo, sawasawa. Sasa Mama macho yana ukungu. Jumatatu ijayo anapasuliwa jicho la kulia, na anataka alisome jina lake mwenyewe kabla ya kisu, maana kisu hakina adabu. Herufi ndogo ataziona wapi?

Jumanne, 4 Machi
Mbinu! Mpiga picha kajaza nusu ukurasa kwa picha ya keki yake. Nimeipunguza mpaka ikawa biskuti. Mstari wa Mama nimeunenepesha, unasomeka kutoka mlangoni. Mhariri alipokuja nikaikinga skrini kwa mgongo, nikamsifia viatu. Kasaini bila kutazama. Akili ni mali!

Alhamisi, 6 Machi
Jarida limetoka. Ole wangu! Mstari wa Mama ulivyonenepa, umeisukuma safu ya namba za kurasa chini. Kila chakula kimebeba namba ya jirani yake wa juu. Anayefuata supu ya Mama anaangukia makala ya kuua mende jikoni. Mhariri kauliza kama nimerogwa. Mpiga picha kauliza keki yake imeliwa na nani. Nikamwambia aulize mende.

Jumamosi, 8 Machi
Nilitaka kumficha Mama jarida. Wapi! Dada kashampelekea nakala tatu. Nimemkuta dirishani, kidole juu ya jina lake, analisoma herufi moja moja. Nikakiri yote. Kacheka mpaka akakohoa. Supu ameipika miaka arobaini, kasema, aitafutie ukurasa wa nini? Alichotaka ni jina lake, liandikwe na mwanawe. Akanifuta uso kwa kiganja. Ndiyo, nililia, na ndevu zangu zote. Nampenda mno mama huyu.

Jumapili, 9 Machi
Mhariri kanisamehe. Nimeapa kutogusa ukubwa wa herufi tena, na kiapo ni kiapo.
Kesho hospitali. Naogopa kuliko Mama. Lakini toleo lijalo atalisoma kwa jicho jipya, na jicho jipya haliwezi kupewa ukurasa wa ndani. Linastahili jalada! Picha yake ninayo, ameshika mwiko. Mhariri hunywa chai saa nne kamili.
Robo saa inanitosha.