Mgeni wa Dunguni

Jumatatu, 5 Mei
Mgeni kafika! Anaitwa Eero, kijana wa Ufini, kwenye ule mpango wa vijana wa kubadilishana mambo ya kilimo na utamaduni. Hapa Chamwino nyumba mbili tu zimepata wageni, yetu na ya jirani yetu Germana. Mwenyeji atakayefundisha vizuri ataenda Ufini miezi sita, kasema mratibu, Bi Rose. Nimeshajiona nimevaa koti zito. Germana ajiandae kunipungia mkono.

Tatizo moja tu. Mama kaenda msibani Gulwe, kaniachia mtama wake. Umekomaa, kwelea wamejaa, na wa kuamia ndege ni mimi. Kushinda juu ya dungu, kichanja cha miti katikati ya shamba, tangu alfajiri unapiga debe na kelele! Mtu mwenye safari ya Ulaya?

Jumanne, 6 Mei
Nimepata akili. Nimempandisha Eero dunguni. Niliona haya kumwambia ni kazi ya kufukuza ndege, angedhani namtumikisha. Nikamwambia ni desturi ya wazee wetu: kijana hukaa kimya juu ya mtama, anatazama ndege mpaka moyo utulie. Nililitunga hilo tukiwa tunapanda ngazi. Nikajua kwelea wakimwona tu mtu mgeni vile watakimbia wenyewe. Eero kashukuru, machozi yanamlengalenga.

Mama kapiga simu, kauliza kama shambani kuna mtu. Nikasema yupo. Sikudanganya.

Jumatano, 7 Mei
Mjini Dodoma kutwa, ofisini kwa Bi Rose, naulizia pasipoti. Kasema hajachaguliwa mtu. Nikapiga picha za pasipoti hata hivyo. Nimetoka vizuri sana. Nasikia mgeni wa Germana anapiga debe shambani mpaka sauti imemkauka. Maskini! Nimecheka njia nzima.

Alhamisi, 8 Mei
Eero kaniita nikaone maajabu. Kwelea wamemzoea! Wanatua hadi kwenye ukingo wa dungu. Anasema hajawahi kuwa na amani namna hii, na hajatikisa hata kidole asije akawashtua. Nikatazama chini. Jamani! Masuke yamebaki makapi matupu, shamba zima. Ule ndio ulikuwa ugali wetu mpaka mwakani.

Mama karudi jioni. Hakugomba. Alipita mstari kwa mstari, akakata masuke machache yaliyobaki pembeni, akapata mtama wa ungo mmoja. Angenichapa ningelala vizuri.

Jumamosi, 10 Mei
Leo wageni wameaga. Kachaguliwa Germana. Sikuumia kama nilivyotarajia, maana nilikuwa nimeshaumia. Eero alinikumbatia, akasema hakuna mtu aliyewahi kumfundisha kitu kikubwa kama kile. Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Mama akaniita kando, akanipa ule mtama, kaufunga kwenye kanga.

"Mpe mgeni wako," akasema. "Asiondoke hivi hivi."

Nikamuuliza sisi tutakula nini. Akasema hilo hajaniuliza. Nikaupeleka. Nimejuta, tena naandika bila utani.

Jumapili, 11 Mei
Nimeamua kumlipa Mama. Mjomba Matonya kule Bahi mpunga wake umeiva na ndege wanamtesa. Nimempigia: nitaamia shamba lake lote, yeye atampa Mama mpunga wa kutuvusha mwaka. Kakubali. Mama aliposikia alinishika mkono, hakuuachia kwa muda mrefu. Akasema sasa ameona ana mtoto mkubwa. Nikalia mbele yake bila aibu.

Jioni nikamwandikia Bi Rose. Nimemweleza kuwa Bahi wana desturi ya kale zaidi hata ya Chamwino. Kafurahi, ananiletea wageni wapya wawili. Safari hii nimejirekebisha. Hawatakaa kimya. Watawaimbia ndege, taratibu.